Kocha Ni Baba, Mrushaji Ni Mume, na Kibanda Kingali Barafuni

Bi Verna mpendwa,

Nakuandikia Hattie akiwa amenilalia mkono wa kushoto, kwa hiyo mwandiko ukienda upande usidhani nimelewa. Naomba msaada wako kabla ya Jumapili, maana Jumapili mume wangu anatakiwa kutoa jibu, na jibu hilo linaweza kunikosesha baba, au mume, au wote wawili pamoja na mtu wa kunilelea mtoto asubuhi nikiwa kazini.

Baba yangu ni Gordy, kocha wa timu ya mpira wa Kimarekani ya mji wetu wa Halvard tangu mimi sijaanza shule. Mume wangu ni Colby, mrushaji wa timu hiyohiyo, yule ambaye kila mpira unaanzia mikononi mwake, ampe mwenzake akimbie nao au aurushe mbele. Kwa makocha wengine mrushaji huwa anaachiwa aamue mawili matatu mwenyewe, lakini kwa Baba haamui, anaamuliwa. Na Baba hapigi kelele uwanjani, anasimama pembeni anatoa ishara, akishika sikio maana yake rusha mbali, akijikuna kiwiko maana yake rusha karibu, na akishusha kofia mpaka machoni maana yake usirushe kabisa, mpe mwenzako akimbie. Mimi nilizijua ishara hizo kabla ya kujua kusoma, na mwanangu naye naona anafuata njia hiyo.

Sasa Bi Verna, mechi ya mwisho ya msimu tulicheza na Brunet, wale wa ng'ambo ya ziwa, tuko nyuma, muda umebaki kiduchu, na Baba akashusha kofia. Colby alimwona, mimi nilimwona, hata padri alimwona, na Colby akarusha. Mpira ulikwenda ukadakwa kule mwisho kabisa na tukashinda, watu wazima wakawa wanalia na kukumbatiana kwenye matope, na Baba akakunja kiti chake akaenda kukaa ndani ya pikapu. Nilimfuata nikamwambia, "Baba, tumeshinda." Akanijibu, "Tumeshinda kwa makosa." Tangu siku hiyo hajamwambia Colby neno moja la moja kwa moja, na Colby naye kavimba, anasema yeye ndiye wa kwanza duniani kununiwa kwa kushinda.

Msimu ulipofungwa nikasema sasa watapoa, kumbe ndiyo usajili umeanza. Baba aliingia kwenye usajili kama mtu anayesafisha stoo. Alimwacha mtoto wa mwenye bucha aliyekuwa ulinzi, na tangu hapo soseji za kulungu tunazouziwa ni mafuta matupu. Alimwacha mdakaji wetu wa zamani, ambaye ndiye mwenye baa, na sasa Baba akiagiza bia analetewa ya moto. Halafu akamleta Tanner, kijana wa chuo, mrushaji, mpole, anasema "ndiyo Kocha" kabla hajaulizwa kitu, na akampa chumba changu cha usichana pale nyumbani, picha zangu za farasi zingali ukutani. Nilipouliza kwa nini tunahitaji warushaji wawili, Baba alisema, "Huyu anasikia."

Colby aliposikia hilo aliweka chini funguo za gari la kukwangua theluji, maana ndiyo kazi yake wakati wa baridi, akakaa jikoni bila kuvua viatu. Siku hiyohiyo kocha wa Brunet akampigia simu, nadhani harufu ya ugomvi inavuka ziwa. Wanamtaka. Namba moja, bila mashindano na mtu.

"Kule nitathaminiwa," akasema.

"Kule walikuzomea mwaka mzima," nikamwambia.

"Ndiyo, lakini kwa heshima."

Nikamuuliza tutaishi wapi, akasema Brunet kuna nyumba. Nikamuuliza nani atamlea Hattie nikiwa zamu ya kufua kule nyumba ya wazee, akainama kufungua kamba za viatu, maana anajua ni Baba, na Baba alishatangaza kwamba mchezaji wa Brunet hakanyagi kwake, hata kama anamleta mjukuu. Nikamwambia, wewe na Hattie mmezaliwa tarehe tofauti, lakini naona umri mnakaribiana. Hakucheka.

Mama angetusaidia, lakini yeye baridi ikianza anakwenda kwa dada yake Arizona, na safari hii ametuma salamu kwamba harudi mpaka hao wanaume wawili waanze kusalimiana.

Kwa hiyo mjumbe ni mimi. Kila Ijumaa tunakula samaki wa kukaanga pamoja pale ukumbi wa kanisa, kama kawaida ya mji mzima, na hatuwezi kukosa kwa sababu tukikosa watu watajua kuna jambo, ingawa wanajua. Baba anakaa kulia kwangu, Colby kushoto, Hattie kwenye kiti chake kirefu mbele yetu. Baba anasema, "Mwambie huyo mumeo viazi anavimaliza kama amefanya kazi." Namgeukia Colby namwambia, "Baba anasema ule ushibe." Colby anasema, "Mwambie baba yako ishara zake zimepitwa na wakati kama kofia yenyewe." Namgeukia Baba, "Colby anasema kofia imekupendeza." Baba anasema, "Mwambie akapimwe bega lake, mjinga yule, kabla halijaanguka kwenye sahani." Namwambia Colby, "Baba anakuuliza hali." Colby anasema, "Mwambie bega langu linajua kazi yake kuliko mdomo wake." Nasema, "Colby anashukuru." Naona unatikisa kichwa, Bi Verna, lakini wewe hukai katikati ukipakwa mafuta ya samaki na watu watatu.

Wiki iliyopita hata kula hawakuniachia. Colby alinyoosha mkono kuchukua sinia kubwa la samaki, Baba akashusha kofia mpaka machoni palepale mezani. Colby akarudisha mkono, akasusa. Nikaona sasa Baba amezidi, kumkataza mtu hata samaki. Na kibaya zaidi Hattie amejifunza. Hajui kusema maji, lakini baba yake akitaka kumnyanyua tu anashusha kofia yake ya sufu mpaka puani, na Colby anaumia kweli, ingawa anambeba hivyohivyo, kwa mkono wa kushoto, maana wa kulia anautunza kwa ajili ya msimu. Siku hizi hata vikombe vya rafu ya juu nateremsha mimi. Namhurumia, kukosa raha kunamchosha mtu mwili.

Halafu kuna kibanda. Baba na Colby walijenga pamoja kibanda cha kuvulia samaki juu ya barafu ya ziwa, mwaka tuliooana, kina jiko la kuni na vitanda viwili na dirisha nililoshona pazia mimi. Kila mwaka barafu ikikaribia kulegea wanakitoa, Colby anavunja barafu iliyoshika miguu ya kibanda, Baba anavuta kwa pikapu. Mtu mmoja hawezi. Mwaka huu Baba anasema, "Akitaka msaada si anao mdomo." Colby anasema, "Kibanda ni chake, mimi natemwa." Wenzao wote wameshatoa vyao, chetu kimebaki peke yake katikati ya ziwa na pazia langu la maua, maji yameanza kung'aa juu ya barafu, na kule baa watu wanawekeana dau kitazama siku gani. Mwenye baa amechagua Jumapili.

Nawapenda wote wawili, na nimechoka nao wote wawili. Baba ndiye aliyenifundisha kuendesha gari, na Colby akirudi kazini na theluji kwenye nyusi anamwimbia mtoto huku amesimama mlangoni ili asiingize baridi. Sitaki kuchagua. Lakini Jumapili inakuja. Nimwambie Colby akubali kwenda Brunet tupate amani, au nimwambie abaki akae benchi kwa ajili yangu? Na wakikutana msimu ujao, mimi na Hattie tukae upande gani wa uwanja?

Wako,
Mama Hattie, Halvard

---

Mama Hattie,

Pole, mdogo wangu. Kwanza mlaze huyo mtoto kitandani upate damu mkononi, halafu usome polepole, kwa sababu umeniandikia jibu lote mwenyewe na hukuliona.

Umeniambia mumeo anambeba mwanawe kwa mkono wa kushoto. Umeniambia vikombe vya rafu ya juu unateremsha wewe. Umeniambia kocha aliyeshinda mechi alikunja kiti akaenda kujifungia kwenye gari. Mwanamke uliyezijua ishara za baba yako kabla ya kujua kusoma, siku ile aliposhusha kofia alisema nini? Alisema usirushe. Wewe na mumeo mkadhani ni ukaidi tu. Mimi nimeolewa na mcheza mpira, nimekanda mabega mengi kuliko unga wa mkate, nakuambia mumeo ana bega bovu, baba yako ameliona tangu msimu uliopita, na alikuwa radhi kupoteza mechi kuliko kupoteza ule mkono. Ndiyo maana amemleta huyo Tanner. Na ndiyo maana alishusha kofia mbele ya sinia. Hakuwa ananyima mtu samaki, alikuwa anamzuia mkwewe kunyanyua kitu kizito kwa mkono mgonjwa.

Sasa zamu yako, na sitakubembeleza. Baba yako alisema, kwa mdomo wake, mbele yako, "Akapimwe bega." Ni kweli alitia na neno mjinga ndani yake. Wewe ukatoa mjinga, ukatoa na bega, ukamfikishia mumeo salamu. Umesafisha ujumbe mpaka ukabaki sahani tupu. Najua ulitaka amani, najua umechoka, na mtu aliyekaa katikati ya wanaume wawili wanaokula kwa hasira ana haki ya kupitisha lolote ili chakula kiishe. Lakini umewafanya wote wawili wasisikiane, halafu unashangaa hawasikilizani. Acha kazi hiyo kuanzia leo. Hulipwi, na huiwezi.

Mumeo naye nina neno naye, msomee asikie. Colby, kijana wangu, unaficha maumivu kwa sababu unaogopa benchi, halafu unataka kuyapeleka Brunet, kwa watu wasiokujua, ambao watakutumia mpaka huo mkono usiweze kumfunga mtoto kamba za viatu. Kule hakuna mtu atakayekushushia kofia. Kurusha kule kulikuwa kuzuri, mji mzima tutakusimulia mpaka tuzeeke. Sasa vua shati daktari akuone.

Na Kocha Gordy, ambaye najua unasoma ukurasa huu wa gazeti ingawa unajifanya unatafuta hali ya hewa, umezungumza kwa kofia miaka mingi na wachezaji wakakuelewa, lakini huyu ni mume wa binti yako. Ungemwambia tangu mwanzo, "Naogopa bega lako," usingehitaji kusajili mtu na kumlaza kwenye chumba cha binti yako chini ya farasi. Mwenye bucha mwombe radhi pia. Soseji zile zimetufikia wote.

Kwa hiyo, Mama Hattie, fanya hivi. Brunet waambiwe wasubiri, hakuna mtu anayetoa jibu la timu kabla ya jibu la daktari. Weka miadi wewe mwenyewe, lakini atakayempeleka Colby ni baba yako, kwa pikapu, wawili tu. Safari ya hospitali ya wilaya ni ndefu na redio ya gari lile najua imekufa. Nyumbani kwa baba yako Hattie anaendelea kwenda, awe baba yake anachezea Halvard, Brunet au mwezini, na ukimwambia Kocha hilo usitabasamu. Kama mwishowe mumeo atahama, atahama kwa sababu anataka kucheza huko, na wewe siku ya mechi utakaa upande wenye jua.

Kuhusu kibanda, kabla mtu hajakanyaga barafu, mlinzi wa ziwa aulizwe kama bado inabeba. Akisema haibebi, kiacheni kizame na pazia lake, mwenye baa ale dau lake, mtajenga kingine. Akisema inabeba, waende wote wawili asubuhi, baridi ikiwa bado kali. Colby asiguse sururu, Tanner ana mabega mawili mazima, naye si anasikia. Colby aendeshe, baba yako aongoze kwa mikono, na kwa mara ya kwanza mwaka huu watalazimika kutazamana usoni.

Wewe kaa ufukweni ndani ya gari lako na mtoto, chai mkononi, kioo umepandisha. Mmoja wao atakuja kukugongea akuambie, "Mwambie mwenzangu hivi na hivi." Usifungue. Mtazame vizuri, halafu shusha kofia mpaka machoni. Hattie atakusaidia.

Bi Verna