Chai ya Pasheni Uliyoimwaga

Mama,

Sikuulizi hali, hiyo nimemwachia Mungu. Mimi mzima, magoti tu yananisumbua na hii baridi ya mwezi wa sita, unaujua mwenyewe upepo wa huku Sumbawanga. Nimekaa kukuandikia kwa sababu juzi nimekunywa ile chai. Ile uliyoimwaga.

Ngoja nianze taratibu, maana nikikimbilia mwisho nitalia na karatasi italowa.

Unakumbuka nilivyokuja Chala ile wiki ya tatu ya Kwaresima. Nilikuletea pakiti ya majani ya chai nyeusi yenye ladha ya pasheni, niliinunua hapa mjini, kwenye boksi wamechora tunda limepasuliwa katikati. Nilijua umefunga sukari mpaka Pasaka. Kila asubuhi sukari ambayo ungeitia kwenye chai yako uliichota kwa kijiko ukaiweka kwenye kopo la wagonjwa, la kupeleka kanisani. Nikasema moyoni, Mama anakunywa chai kavu siku arobaini, angalau apate harufu ya tunda. Nia yangu ilikuwa hiyo tu. Mungu anajua.

Nikaitengeneza mwenyewe. Nikafunika kikombe kwa kisosi kama ulivyotufundisha, wewe uliyejifunza mambo ya chai jikoni kwa mapadre, ukirudi unatuonjesha bila sukari na kutuuliza ulimi umesikia nini. Ukafunua, ukanusa, ukavuta funda moja. Uso ukabadilika.

"Skola, umenitilia sukari."

Nikasema sijatia. Ukasema, "Ulimi huu nina miaka sabini nao, utanidanganya leo?" Ukatoka mlangoni ukaimwaga kwenye matope. Halafu, na hili ndilo lililonichoma, ukalichukua kopo la wagonjwa ukaongeza vijiko viwili, kama mtu anayelipa faini. Hukunigombeza. Afadhali ungenigombeza.

Na mimi nikanuna. Mtu mzima, mama wa watoto wanne, nikanuna. Ningeweza kusema njoo usimame hapa, napika nyingine mbele ya macho yako. Sikusema. Asubuhi nikaiacha pakiti mezani, nikapanda basi, na kwaheri yangu niliitoa huku natazama begi. Siku ya tisa wakanipigia kwamba umelala hujaamka.

Mama, hapo ndipo mzigo ulipoanza. Nilijua umekwenda mbele za Mungu ukiamini kwamba mwanao alikuvunjisha mfungo, tena kwa hila, tena akabisha. Nilikwenda kitubio. Padre akaniambia, "Mama yako sasa anajua ukweli wote, tulia." Nikaitika, ndiyo padre. Lakini nikifika nyumbani na kufungua kabati naikuta ile pakiti, maana niliichukua baada ya mazishi, na moyo unarudi palepale. Niliona imepungua. Nikadhani uliwagawia watu, au uliyatupa majani kwa hasira. Kuinywa siwezi, kuitupa siwezi.

Wiki iliyopita nimekuja Chala kuvuna mahindi yako. Na mama mdogo Felista amerudi. Wakati wa msiba jirani yako huyo alikuwa Laela kwa mwanawe, mwenyewe anaumwa, kwa hiyo hatukuwahi kuonana. Tumekaa uani kwako tunapukuchua, mara akaniuliza, "Na ile chai yenu ya marashi, bado ipo?"

Mikono ikasimama. Nikamuuliza ameijuaje. Akanitazama kama mtu aliyeona kituko.

"Kumbe hakukwambia?"

Akanieleza yote. Kwamba siku ya pili baada ya mimi kuondoka ulikwenda kwake, majani umeyafunga kwenye ncha ya kanga. Ukamwambia, "Felista, chemsha maji wewe mwenyewe, mimi sigusi kitu." Ukamwamuru atoe bakuli lake la sukari jikoni alipeleke chumbani, na kijiko akioshe mara mbili. Anasema mlikaa pale kama mahakama. Ukainywa ya moto. Ukaingoja ikawa vuguvugu, ukainywa. Ukaingoja ikapoa kabisa, ukainywa. Ndipo ukaweka kikombe chini ukasema, "Pua yangu ndiyo iliyonidanganya. Hii ni harufu tu. Nimemsingizia mtoto."

Yeye akakutania, basi nenda katoe vile vijiko vyako viwili. Ukamjibu, "Ya wagonjwa ni ya wagonjwa, acha tamaa."

Nikamuuliza mbona hukunipigia simu. Akasema alikuuliza hilohilo, ukamwambia mambo ya kuombana radhi hayasemwi kwenye simu, utaniambia mwenyewe nikija Pasaka, ana kwa ana.

Pasaka hukuifikia. Mama, nililia juu ya yale mahindi, nililia kama siku ya mazishi, ila safari hii kilio kilikuwa kinatoa kitu kifuani. Mama mdogo akaniacha kidogo, halafu akasema, "We Skola, sogea huko, utayalowesha yaote!" Tukacheka, na pua zetu zinatiririka.

Basi juzi nimefungua pakiti. Nikafanya kama ulivyotufundisha, bila sukari, kisosi juu. Nakupa hukumu yangu, unisahihishe kama nimekosea. Majani makavu yananukia kama pipi za watoto, hapo nilianza vibaya nayo. Rangi nzuri, nyekundu inayoonyesha chini ya kikombe. Nilipofunua, ule mvuke ukanipanda puani, na haki ya Mungu mate yalinijaa mdomoni kana kwamba nimelamba sukari. Nikavuta funda, utamu haupo! Pua inaahidi, ulimi unakuta uchachu kidogo pembeni, na ule ukavu wa chai unaoshika fizi. Ikipoa pasheni inakimbia yote, inabaki chai tupu, na chai yenyewe ni nzuri, haina uchungu wa majani ya zamani. Kwa maziwa isijaribiwe.

Mama mdogo anasema wewe ulihukumu hivi: "Chai haina kosa, ila imejipaka marashi kama inakwenda harusini." Nakubaliana na wewe. Na nimeelewa kwamba mtu yeyote angedanganyika, sembuse wewe uliyekaa wiki tatu hujaonja sukari. Hukunionea, Mama. Mimi ndiye niliyeondoka upesi.

Kila mwezi nimekuwa naandikisha nia ya misa kukuombea wewe, na kimoyomoyo naongeza yangu ya kuomba msamaha. Jumapili hii naandikisha ya shukrani, na nakuahidi nitaimba, siyo kuinama tu kwenye benchi kama nilivyokuwa nafanya tangu uende. Radhi uliyokusudia kuniomba imenifikia. Yangu naamini ilikufikia kabla hata sijaifungua ile pakiti.

Pumzika sasa, Mama. Mimi nimeshapumzika.

Mwanao,
Skola