Abiria Wangu Mmoja

Dada yangu,

Shikamoo. Mama hajambo, na pazia ulilotuma limempendeza.

Kwenye usaili wa shirika la ndege waliniuliza, "Binti, una mafunzo gani ya kuhudumia abiria?" Nikasema sina cheti, ila tangu Mama apooze namlisha, namfunga mkanda kitini, na akiogopa namtuliza.

"Kumbe abiria unaye tayari," mmoja akacheka. Wamenichukua. Naanza Jumatatu, na nitalala huko huko chuoni kwao.

Nilipomsimulia Mama akasema, "Nenda, mwanangu. Mimi nitashukia hapa hapa." Nikacheka peke yangu.

Dada, nani atabaki naye? Unisamehe mwandiko huu, naandika kwa mkono mmoja. Mwingine ameushika tangu nimwambie.

Ni mimi, mdogo wako.