Kwa Nini Sikukushukuru kwa Dola ya Fedha

Buffalo, 2015

Mjukuu wangu Eriki,

Huku West Side hatujambo, ingawa theluji imefunika ngazi za kanisa. Umeniuliza toka Louisville kwa nini sikusema asante uliponipa dola ya fedha kutoka kwenye mkusanyo wako wa sarafu za kale.

Nilipokuwa binti, tukivuka mpaka, mama alinifichia chini ya ulimi rupia, sarafu ya fedha ya enzi za Wajerumani, askari wasije wakaipora. Askari akaniuliza jina. Ningefungua mdomo tu, ingeanguka.

"Huyu ni bubu," mama akasema.

Askari alinitazama muda mrefu mno, kisha akatuachia njia.

Hadi leo sarafu ya fedha ikinigusa, mdomo hujifunga.

Asubuhi hii nimeishika dola yako, na safari hii nikamjibu yule askari wa zamani kwa sauti: naitwa Yudita.

Na wewe, mjukuu wangu, asante.