Mozarela kwa Maziwa ya Tata

Jumatatu, 11 Agosti
Likizo ya Agosti, na bado tuko Waithaka kwa Tata Mwihaki, dada yake marehemu Baba. "Mwezi mmoja tu," Mama alisema Januari.

Nina jina la mama yake Tata. Kwa desturi ya upande wa Baba angeniita maitu, yaani mama yangu. Huniita wewe.

Leo Mama amerudi kutoka kazini Hurlingham akitabasamu. Bosi wake Odero, mwenye mkahawa wa pizza, amechoka na jibini ya mozarela ya dukani — ngumu kama kifutio. Amemwambia alete ya kwake Jumapili. Ikiwa nzuri, atainunua kila wiki. Basi tutapanga nyumba mtaa wa Satellite. Chumba kimoja, mlango wetu, ufunguo wetu.

Jibini ya ricotta tunaiweza: maziwa moto, ndimu, kitambaa. Mozarela ni jeuri. Inataka maziwa mabichi, na ng'ombe ni wa Tata.

Jumatano, 13 Agosti
Tumeomba maziwa ya kujaribia. Tata akauliza tangu lini watu wa samaki wakajua maziwa. Mama akajibu polepole kwamba kwao Siaya ng'ombe wana majina, hawaitwi kwa mateke. Niliinama nisicheke.

Lakini Tata akatupa jagi limejaa! Maziwa mazito, ya manjano kidogo. Nikayapasha moto. Kabla sijatia ndimu wala dawa ya kugandisha — yakaganda. Bonge zima, kama yai. Nikamwita Mama: tumeweza!

Mama akaonja kwa kidole.

"Ni dang'a, Nyawira."

Maziwa ya kwanza ya ng'ombe aliyezaa jana. Ni ya ndama. Tata anajua hivyo kutushinda sote.

Alikuwa mlangoni. "Si mlitaka ya kuganda?" Alicheka mpaka akashika ukuta.

Mama hakula.

Ijumaa, 15 Agosti
Makubaliano: mimi nikate majani ya nepia ya kulisha ng'ombe leo, maziwa ya kesho asubuhi ya yule ng'ombe mwingine yawe yangu. Nimekata mpaka mikono inawasha. Tata: "Wewe, ukiharibu tena utakunywa na makapi." Nimesema sawa, Tata.

Mama atakuwa kazini kesho. Amenifundisha kuvuta jibini mpaka irefuke, kwa kutumia donge la unga.

Jumamosi, 16 Agosti
Nilikamua mwenyewe. Nikatia ndimu na dawa, maziwa yakaganda vizuri, kisu kikapita safi. Nikachuja. Nikabandika maji kwenye gesi. Yalipoanza kutoa mvuke, moto ukazimika. Tata alikuwa ameuchomoa mtungi wa gesi, anaubeba kwenda chumbani kwake.

"Gesi yangu si ya Wataliano."

Jibini haingojei mtu. Nikawasha jiko la makaa nje, nikapepea kwa kifuniko cha ndoo. Machozi — ya moshi tu.

Kisha mikono ndani ya maji ya moto. Nikavuta, ikakatika. Nikairudisha majini, nikavuta tena — ikarefuka, ikang'aa, laini kama sikio la ndama. Nikaviringa mabonge, nikayatia bakulini kwenye maji baridi.

Tata akaja. Akachukua moja bila kuuliza. Akatafuna. Akachukua la pili, akalinyunyizia chumvi. Nilingoja tusi.

"Huyo bosi wa mamako nambari yake ni gani?"

Akasema kuanzia leo Odero ataongea na yeye. Ng'ombe ni wake, gesi ni yake, hata hii mikono yangu inalishwa na yeye. Mama ataendelea tu na kazi yake na kukaa hapa. Nafasi si iko?

Nikasema maziwa ya leo nimeyalipia kwa nepia. Sijawahi kumjibu. Nilibeba bakuli nikaondoka.

Niko chumbani. Mlango hauna kufuli, nimeuegemezea kitanda. Simu inalia — Mama. Atauliza tu kama imevutika.

Tata ameisikia. Hagongi kwa nguvu. Anagonga kwa kucha, na sauti hii siijui:

"Maitu. Fungua, maitu. Nipe hiyo simu nimsalimie mamako."