Mzee wa Ukutani

Dada Agnesi, shikamoo. Unisamehe, miezi miwili sijakuandikia. Mtoto anaota meno nami silali.

Chumba tulichopewa hapa Singida ni kidogo na kuta zilikuwa tupu. Nikapata sokoni picha ya bei ndogo, mzee wa Kizungu mwenye ndevu na mbwa wake. Niliipendea koti lake la buluu tu. Nikaibandika juu ya kitanda.

Jirani yetu, bibi wa Kinyaturu, alipokuja kumwona mtoto akaitazama, akajifunika kanga vizuri. "Mama Neema, huyu ndiye baba mkwe wako?"

Nikasema simjui, nimemnunua.

"Umenunua mzee usiyemjua, halafu unanyonyesha mbele yake?" Akacheka mpaka akakaa chini.

Sikujua nicheke au nimbandue. Tangu siku hiyo nikinyonyesha nageukia mlangoni. Dada, chumba changu mwenyewe, naona haya kwa karatasi. Baba Neema anasema picha ni picha, lakini nimemwona akivua shati kampa mzee mgongo.

Basi nimeamua, mzee anaondoka, akae pale mtu wangu. Najua picha ya mama ni ile moja, nawe unaipenda. Ila wewe unaye mama mwenyewe hapo nyumbani. Mshike mkono kwa ajili yangu, na mlale usingizi wangu pia.

Nahitaji misumari midogo minne, kitambaa kimoja alichofuma mama, na picha yake.