Jumatano ya Wanawake wa Temeke

Nyumba ya Mwishehe Athmani, fundi seremala,
Temeke,
Dar es Salaam.
Alhamisi, 9 Agosti 1956.

Mpendwa mdogo wangu Nassibu,

Assalaam aleikum. Marahaba kwa shikamoo zako zote, za barua uliyoandika mfungo wa Ramadhani na za zile salamu ulizompa yule dereva mwenye haraka, aliyezitema mlangoni kwangu bila hata kuzima gari. Natumai barua hii itakukuta mzima wewe, Somoe na mtoto, na kwamba baridi ya Nairobi imekuachia kifua. Mwambie Somoe akuchemshie tangawizi, nawe usione haya kuvaa fulana mbili. Sie huku hatujambo. Goti langu linauma kama kawaida yake, na mbu wa mwaka huu wana dharau, lakini tunakula na kulala.

Nimetaka kukuandikia tangu mwezi wa tano. Kila nikiketi hasira inanipanda, naikunja karatasi. Leo nimetulia kidogo. Si sana.

Bila shaka unaikumbuka barua yako ya kutupasha habari kwamba kampuni yako imeununua ukumbi wa sinema wa Bwana Damji hapa Temeke. Ulijaza kurasa mbele na nyuma. Ukasema kampuni ina majumba Nairobi, Kampala, Kisumu, Mombasa na Tanga, na kwamba Uingereza na Amerika ndivyo wafanyavyo: tajiri mmoja ana majumba mamia, na mtu akiingia la mji huu au la mji ule anakuta viti vile vile, picha ile ile, saa ile ile. Ukasema tumebahatika, Temeke sasa itakwenda sawa na London. Shemeji yako Mwishehe aliisoma barua ile barazani kwa sauti, na majirani wakakupigia makofi. Makofi hayo wanayataka yarudi.

Ukumbi wa mzee Damji ulikuwa wa mabati, nao mvua ikinyesha husikii neno. Lakini Jumatano alasiri ulikuwa wetu. Siku hiyo mwanamume hakuvuka kizingiti, isipokuwa yule mwendesha mashine aliyejifungia kwenye kijumba chake cha juu. Projestus, yule Mhaya mrefu anayekata tikiti, alikuwa akituingiza, anavuta mlango, kisha anakaa nje akiupa mgongo mpaka tumalize. Tuliingia na watoto, na mihogo ya kukaanga, na korosho. Tulivua mabuibui tukayakunja mapajani. Aliyetaka kucheka alicheka mpaka akakohoa, na hapakuwa na mtu wa kumwambia mke wa fulani amekosa adabu.

Tena kuna jambo sikukuandikia zamani, kwa kuwa halikuwa langu. Mavyaa wangu, Bi Tunu, mama yake Mwishehe, tangu alipofiwa na Siajabu, yule kitinda mimba wake aliyefariki akijifungua, alikuwa ameacha kutoka. Alilala ameuelekea ukuta. Tukimpa chakula anakula, tukimsemesha anaitikia, basi. Wala hakulia. Akaja jirani yetu Benedicta, mke wa mwalimu Revelian, akamvuta siku moja kwa nguvu tukaenda naye sinema. Picha ilikuwa ya Kihindi, hakuelewa hata neno, lakini taa zilipozimwa alilia mwanzo hadi mwisho. Gizani mle hakuna anayekuuliza unalia nini, maana nusu ya ukumbi inalia. Tangu hapo hakukosa Jumatano hata moja, na siku zilizobaki akaanza kutoka uani, akachambua mchele, akagombana na mie. Nilishukuru hata kwa ule ugomvi.

Sasa ndiyo ikaja kampuni yako.

Mabenchi yalitolewa, vikaja viti vya kukunja kutoka kwenu. Sawa, viti vizuri. Akaja meneja, Mgoa anayeitwa Bwana Gaspar, mtu mwembamba anayejipangusa shingo muda wote. Jumatano ya kwanza tukafika na watoto wetu kama desturi, tukakuta wanaume wamejaa ndani wanavuta sigara.

Nikamwuliza Projestus, “Kulikoni?”

Masikini alikuwa hajui aangalie wapi. “Bi Mauwa, amri imetoka Nairobi. Jumatano ni ya watu wote. Na mihogo hairuhusiwi, na watoto wachanga hawaruhusiwi.”

Wanawake walirudi nyumbani. Mie sikurudi. Nilikwenda mpaka chumbani kwa Bwana Gaspar, nikamweleza kila kitu kwa upole, kama tulivyofundishwa na marehemu baba.

Akaniambia, “Mama, mimi sina la kufanya. Ratiba inapangwa Nairobi, na majumba yetu yote yanafuata ratiba moja.”

“Na hao wanaopanga wanatujua?”

Akanionyesha ramani ukutani, imechomekwa vibendera vyekundu. Akasema kila kibendera ni jumba la kampuni. Nikamwomba anionyeshe Temeke. Akatafuta kwa kidole, akatafuta, mwishowe akakiona kibendera chetu kimechomekwa baharini, kwa sababu pale penye jina la Dar es Salaam hapakubaki nafasi.

“Basi ratiba hiyo wapelekeeni samaki,” nikamwambia, nikatoka. Ule upole wa baba uliishia hapo.

Nyumbani nako hakukuwa na nafuu. Mwishehe alinisikiliza huku anapiga randa ubao wake, kisha akasema, “Mke wangu, ni sinema tu. Watu wanaishi bila sinema.” Na ndani chumbani, Bi Tunu alikuwa amekwisha geukia ukuta. Jumatano iliyofuata hakuamka. Wiki nyingine hakuamka wala hakula vizuri. Nilimpelekea uji, akaniambia, “Weka hapo, mwanangu,” kwa sauti ile ile ya siku za msiba. Nilikaa uani nikakuwaza wewe, Nassibu, na London yako, na sikukuwazia mema.

Na hili lingine ni lako kabisa, maana wewe ndiwe unayefungasha mikanda ya picha kwenye yale masanduku ya bati. Mwezi wa sita wanaume waliona picha yenye mwanzo na mwisho, katikati imekwenda Kisumu. Kijana alifukuzwa na baba wa msichana, taa zikawaka, zikazimwa, mara wanaoana na yule baba anacheza ngoma. Watu wakapiga kelele mpaka wakavunja viti viwili. Ikiwa mnapeleka picha moja miji yote, basi angalau ifike yote.

Hatukufanya mkutano, wala hatukula kiapo. Tuliacha kwenda, basi. Jumatano hatukwenda, na Jumapili, siku ambayo waume hupenda kuonekana na wake zao waliovaa vizuri, wengi wetu tukawa na vichwa vinauma. Benedicta alimwambia mumewe, “Wasiponitaka Jumatano, hiyo Jumapili wananitakia nini?” Mwalimu Revelian naye haendi mahali peke yake. Kidogo kidogo viti vya kampuni vikabaki vimekunjwa. Bwana Gaspar akaogopa, akapeleka habari Nairobi kuomba turudishiwe siku yetu.

Jibu likaja, na hapo ndipo nilipotaka kupanda basi nije niwaone hao wakubwa zako kwa macho. Walikubali. Onyesho la wanawake litakuwapo, tena katika majumba yote ya kampuni, kila mji: Jumanne, saa nne asubuhi.

Saa nne asubuhi, Nassibu. Labda huko wanakojua wao, saa hiyo bibi wa nyumba amekwisha pambwa nywele, na mpishi yuko jikoni. Mpishi wa nyumba hii ni mie. Saa nne ndiyo kwanza nimetoka kisimani, nguo zinangoja, sokoni sijaenda, na Mwishehe huja saa sita kutaka ugali wake. Tukaona wametudhihaki, tukasema hatuendi.

Bi Tunu alituzidi. Alikuwa ametusikia tukilalama uani. Jumanne hiyo nimeinama nafua, nikamwona amesimama mlangoni na buibui lake mkononi.

“Leo ndiyo Jumanne?” akauliza.

“Ndiyo, mama. Lakini nani atapika?”

“Mwishehe ana mikono. Mie ndiye niliyemzaa, naijua.”

Niliacha nguo kwenye beseni. Tulipopita kwa Benedicta akatutazama, akafuta mikono yake, akatufuata. Kila mlango tuliopita ilikuwa hivyo hivyo. Wanawake waliona Bi Tunu amesimama kwa miguu yake, wakatua mitungi. Ukumbi ukajaa, na Projestus akauvuta mlango, akaupa mgongo.

Tuliporudi tulikuta wanaume mtaa mzima wamekaa barazani kama waliofiwa. Mwishehe alikuwa amejaribu kusonga ugali. Sufuria lile nimelisugua kwa mchanga mpaka leo halijarudi rangi yake. Yeye akala ndizi. Jumanne ya pili tukaenda tena, naye akala ndizi tena. Ya tatu alivaa kanzu na kofia, akampitia mwalimu Revelian, wakakusanya wenzao wakaenda kwa Bwana Gaspar. Projestus alikuwapo, ndiye aliyenisimulia.

Mwishehe alisema, “Bwana meneja, tumekuja kuomba Jumatano alasiri ya wanawake irudi.”

“Lakini wamekwisha pewa siku yao,” Gaspar akamjibu. “Na wenyewe hawajalalamika.”

“Wao watalalamikia nini? Wenye njaa ni sisi.”

Aliporudi nilimwuliza kama ni kweli watu wanaishi bila sinema. Akaniuliza kama kuna kiporo.

Jumamosi ile Bwana Gaspar mwenyewe akaja hapa nyumbani, kofia mkononi. Nilimpa kahawa kwa sababu ni mgeni, si kwa sababu nilikuwa nimemsamehe. Akaniambia hawezi kuwauliza Nairobi mara nyingine. Meneja mwenye maswali mengi, kwao, ni meneja wa kuhamishwa. Yeye amekwisha hamishwa Kampala, Kisumu na Tanga, na kila mtoto wake amezaliwa mji wake. Mkewe amemwambia safari hii hafungi tena mizigo. Unajua ilivyo, Nassibu: umekaa na hasira yako vizuri, mtu anakuja anakunywa kahawa yako anakuharibia, unaanza kumhurumia.

Basi amefanya hivi. Jumanne asubuhi ukumbi unafungwa. Jumatano alasiri unakuwa wetu, pamoja na watoto na mihogo. Na katika habari anazopeleka Nairobi, Jumatano yetu ameiita Jumanne.

Hilo ndilo lililonifanya nikuandikie. Najua unakunywa chai na makarani wa kule, na najua mdomo wako tangu ulipokuwa na meno ya utotoni. Mtu yeyote wa ofisini akikuuliza, kwa makusudi au kwa mazungumzo, wanawake wa Temeke wanaona sinema siku gani, sema Jumanne. Usieleze, usipambe. Jumanne. Inaniudhi sana kukuagiza uongo, mie niliyekuchapa kwa uongo wa vikorosho, lakini watu wazima wenye ofisi na ramani wameshindwa kuisogeza siku moja, sasa tutafanyaje? Na barua hii usimsomee mtu isipokuwa Somoe.

Jana ilikuwa Jumatano. Bi Tunu alilia kidogo, katikati akaacha, nikamsikia anatafuna korosho. Njiani tukirudi akaanza kusema, bila kuulizwa. Akasema yule bwana harusi wa kwenye picha, na masharubu yake yale, Siajabu angemcheka mpaka akae chini. Tangu tulipomzika alikuwa hajapata kulitaja jina hilo. Kisha akanisimulia Siajabu alivyokuwa akiwaigiza watu alipokuwa mdogo, jinsi alivyomwigiza mwalimu wa chuo cha Kurani na kanga kichwani kama kilemba, na jinsi baba yake alivyotaka kumchapa akashindwa kwa kucheka. Goti langu lilikuwa linawaka moto. Nilimpitisha njia ndefu ya nyuma ya soko, ili aendelee kusema.

Wanakusalimu Mwishehe, Bi Tunu, Benedicta na mwalimu Revelian. Projestus naye anakuamkia, ingawa hajapata kukuona. Nisalimie sana Somoe, na mtoto mbusu mashavu yote mawili kwa niaba ya shangazi yake. Mungu akupe afya na kazi isiyokuaibisha kwa watu wenu, akulinde na baridi, na aulinde ulimi wako.

Ni mie dada yako, niliyekukasirikia na ninayekupenda,

Mauwa binti Fakihi