Aliyekushinda Kwenye Kimashine

Makorora, Tanga

Mume wangu Uweso,

Assalaam alaykum. Sisi hatujambo. Mama yako mguu umepoa, anakusalimu.

Abdulghani uliyemtuma alifika Ijumaa na kile kimashine cha gemu ulichosema umekinunua kipya huko Maskati. Kidogo kama kipande cha sabuni, na gemu ni zile zile za kibandani kwa baba, Ngamiani, tulikojuana. Ila wameziiga vibaya. Muziki umepwaya, na ukibonyeza pedi gari linachelewa kukata kona. Nimegonga kuta mpaka watoto wakanicheka.

Halafu nikafungua orodha ya mashindano. Kumbe kinatunza majina! Uweso na Ritha, mara kumi na moja, na kila mara Ritha yuko mbele kwa sekunde moja tu.

Uweso, pale kibandani hakuna aliyekuweza. Ulikuwa ukipunguza mwendo karibu na mwisho ili mimi nipite. Nilikuwa najua, na ndicho nilichokupendea.

Sikuulizi huyo Ritha ni nani. Humo ndani kila kitu kimeigwa vibaya, ila kushindwa kwako ni kule kule.

Mimi niliyekuwa nikishinda,
Hasina